Ruhuka wenye ukungu mweupe: kabla hujatuma sampuli nje ya nchi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa ugani wilayani Mbozi, nina shahada ya kilimo. Msimu uliopita niliona ruhuka waliokufa kwenye matunda ya kahawa wakiwa wameota ukungu mweupe. Nilituma picha kwa mtafiti wa chuo kimoja cha Ulaya, naye ameniomba nimtumie wadudu hao kwa posta. Anasema baadaye anaweza kunitafutia mafunzo kwao. Natamani sana kuijua kazi hii, lakini sijui nianzie wapi, nimpe nini na nimwombe nini. Naomba msaada wako.

JIBU: Marahaba, afisa. Usitume kitu bado. Simshuku mtafiti huyo. Watu wa aina yake ndio waliotufikisha hapa tulipo katika kuzijua kuvu zinazoua wadudu. Ila vimelea hai havitoki nchini kwa bahasha. Tena ukishamtumia mdudu mkavu, umetoa kitu pekee ulichonacho mkononi kabla wewe mwenyewe hujakijua. Ukimtumia kuvu uliyoiotesha mwenyewe, yenye namba yako, na nakala yake imebaki Mbeya, hapo mnazungumza mezani kama washirika. Kutoka hali ya kwanza hadi ya pili ni kazi ya wiki tatu au nne, na karibu yote inafanyika huku huku Nyanda za Juu Kusini.

Tuanze na ulichokiona. Ruhuka jike ni mdudu mweusi asiyezidi milimita 2. Hutoboa tunda kwenye kitovu, pale ua lilipodondokea, na mara nyingi kuvu humkuta hapo hapo mlangoni: mwili nusu ndani, nusu nje, na kwenye tundu kumetokeza kifundo cheupe mithili ya pamba iliyopakwa chokaa. Hiyo ndiyo sura ya Beauveria bassiana kwa ruhuka. Neno la pili, bassiana, ni la kumuenzi Mwitaliano Agostino Bassi, ambaye mwaka 1835 alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiteketeza viwavi wa hariri uliletwa na kuvu. Lakini picha haithibitishi kitu. Mdudu aliyekufa kwa sumu au kwa njaa naye huota ukungu, wa Fusarium, Penicillium au Aspergillus. Ipo kuvu iliyoua na ipo kuvu iliyokuja msibani, na ujuzi wako wa kwanza ni kuzitofautisha.

Rudi shambani wakati mvua zimekolea, Februari hadi Aprili, kwa sababu kuvu hii inahitaji unyevu ili ienee. Chuma tunda zima. Usimchokonoe mdudu huko huko shambani. Kila tunda liingie kwenye bahasha yake ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia mvuke ndani, na hadi kesho yake asubuhi ukungu wa msibani umeshatawala. Andika kwa penseli, maana wino hufutika ukiguswa na spiriti: tarehe, kijiji, namba za mahali kutoka kwenye simu, mwinuko, aina ya kahawa, kivuli kipo au hakipo, na dawa zilizopigwa mwezi uliopita. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Shamba lililopigwa dawa za kopa kwa ajili ya chulebuni au kutu ya majani linaweza kukunyima kuvu kabisa, nawe ukadhani haipo wilayani. Lenga matunda 30 kutoka mashamba yasiyopungua matatu.

Maabarani, kama kifundo cheupe ni safi na kimekuwa cha unga, gusa juu yake tu kwa ncha ya sindano iliyopitishwa motoni na kupozwa, kisha chora kwenye sahani ya chakula cha kuvu. Kikiwa na madoa ya kijani, meusi au ya waridi, msafishe mdudu kwanza. Jik ya dukani iliyoandikwa asilimia 3.5 ichanganywe mililita 100 kwa maji mililita 250, upate asilimia 1. Mtumbukize ruhuka kwa nusu dakika hadi dakika moja, msuuze mara tatu kwenye maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo, mkaushe, kisha mlaze kwenye sahani yenye karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa kidogo. Karatasi iwe na unyevu, isiogelee. Siku ya tatu hadi ya saba, kuvu iliyoua itachomoza kutoka ndani, kwanza kwenye viungio vya mwili ambako ngozi ni laini. Ya nje imeshaoshwa na Jik. Inayotoka ndani ndiyo unayoitafuta.

Chakula chake si cha kuagiza mbali. Gramu 200 za viazi mviringo vilivyomenywa na kukatwa, chemsha nusu saa kwenye maji, chuja, ongeza gramu 20 za sukari ya glukosi na gramu 15 hadi 20 za aga (unga wa mwani unaogandisha), jazia maji hadi lita moja. Kuzuia bakteria, weka kloramfenikoli miligramu 100 kwa lita. Kapsuli moja ya miligramu 250 inatosha lita mbili na nusu. Huvumilia joto, hivyo unaweza kuiweka kabla ya kupika. Vaa glavu unapoifungua.

Hapa kwenye kupika ndipo watu wa nyanda za juu hupotezwa na vitabu. Kitabu husema shinikizo la pauni 15, dakika 15, kwa sababu kimeandikwa na mtu aliye karibu na usawa wa bahari, ambako pauni 15 huleta nyuzi 121. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Pauni 15 za kwenye saa ya sufuria ya presha zitakupa kama nyuzi 118 tu. Hizo nyuzi 3 zinaonekana ndogo, lakini mbegu ngumu za bakteria huzivuka, na siku ya pili sahani zako zina utelezi. Ukiwa na mtambo unaoonyesha joto, fuata joto, usifuate shinikizo. Ukiwa na sufuria tu, pika dakika 35 hadi 40, na kabla ya kufunga kidude cha juu acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 5 hadi 10 ili hewa yote iishe ndani.

Joto la chumba nalo ni hivyo hivyo. Beauveria hustawi kwenye nyuzi 23 hadi 27. Juni na Julai chumba kisicho na hita kinaweza kushuka chini ya 15, na koloni iliyotakiwa kuwa tayari kwa siku 10 ikachukua wiki tatu. Usiitupe ukidhani ni dhaifu. Weka kipimajoto kinachoshika joto la juu na la chini, andika kila asubuhi. Kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko unavyodhani, kwa maana kuvu za miinuko yenye baridi zinaweza kufanya kazi kwenye joto ambalo za pwani husinzia, na hilo ni swali la utafiti ambalo mtu wa Ulaya hawezi kulijibu bila wewe.

Koloni ya Beauveria ni nyeupe, mwanzoni kama pamba, baadaye kama unga, upande wa chini rangi ya maziwa au manjano hafifu. Chukua kidogo, weka kwenye kioo, tazama kwa hadubini kwenye ukuzaji wa mara 400. Utaona mbegu za kuvu (spora) za mviringo za maikromita 2 hadi 3 zimejikusanya vifundo vifundo, na vijiti vinavyozibeba vimepinda zigizaga kama ngazi ya nyoka. Metarhizium, kuvu nyingine inayoua wadudu, ina mbegu ndefu kama punje za mchele, zimepangana safu, na koloni yake hugeuka kijani. Mbegu zilizopinda kama ndizi ni za Fusarium. Ukipata koloni ya kijani-njano inayorusha vumbi ukifungua kifuniko, funga mara moja: yaweza kuwa Aspergillus flavus, ile ile ya sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Barakoa ivaliwe kila unapofungua sahani iliyokomaa, hata ya Beauveria, kwani vumbi lake huamsha mzio.

Kisha isafishe kutoka mbegu moja. Punguza mchanganyiko hadi mbegu 1,000 kwa mililita, sambaza sehemu moja ya kumi ya mililita kwenye sahani, na siku ya pili au ya tatu chukua koloni moja iliyojitenga. Bila hatua hii unaweza kuwa na kuvu mbili zinazoishi pamoja, na kila maabara itakayoipima itatoa jibu tofauti. Halafu ipe namba. Chagua mfumo rahisi kama MBZ-001, usiubadilishe tena maishani.

Namba ni nini hata niisisitize hivyo? Mwaka 2009 nzige wekundu walipojaa kwenye Bonde la Rukwa, Iku-Katavi na Malagarasi, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisimamia unyunyiziaji wa kuvu ya Metarhizium kwenye hekta zipatazo 10,000. Kuvu hiyo ilitoka Niger. Ilitafitiwa katika mradi wa nchi nyingi uliofanya kazi kuanzia 1989 hadi 2002, nayo imehifadhiwa kwenye mkusanyiko wa kuvu wa CABI, shirika la utafiti wa kilimo, huko Uingereza kwa namba IMI 330189. Kwa sababu ya namba hiyo, mtu aliyekuwa ukingoni mwa Ziwa Rukwa aliweza kutumia kitu kilichookotwa upande wa pili wa Afrika, na kila mtu akajua ni kile kile na kilitoka wapi. Kuvu ya Mbozi ikiingia kwenye mkusanyiko wa nje kwa namba ya huko tu, miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka Mbozi.

Tunza nakala tatu za kila kuvu: moja taasisi yako ya nyumbani, ya pili taasisi nyingine ya Tanzania, ya tatu kwa mshirika. Kwa hapo ulipo, mlango wa kwanza wa kubisha ni kituo cha Mbimba cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, maana kahawa ni kazi yao. Wa pili ni TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro mlikosoma wengi wenu. Omba rafu tu ya friji. Umeme ukikatika mara kwa mara, usitegemee friza peke yake. Kata vipande vidogo vya aga vyenye kuvu, tia vitano kwenye kichupa cha maji safi yaliyopikwa kwa shinikizo, kaza kifuniko, weka kabatini. Njia hii haina gharama na haina umeme, na kuvu nyingi hukaa hai hivyo kwa miaka. Chembe za silika nazo ni njia nzuri kwa mbegu kavu. Jambo la kuepuka ni kuhamisha kutoka sahani hadi sahani kila mwezi. Beauveria inayolishwa viazi muda mrefu husahau wadudu: koloni inanawiri lakini haiui. Usivuke uhamisho wa tatu. Ukivuka, ipitishe tena kwa mdudu hai, uitoe upya.

Upo pia mtego wa udongo, unaokupa kuvu zaidi bila kungoja mdudu afe. Ondoa majani ya juu, chimba udongo wa sentimita 5 hadi 15 kutoka sehemu tano za shamba, chekecha, lowesha kiasi, weka kwenye kopo pamoja na funza watano wa nondo wa nta, wale wanaoharibu masega; muulize mfugaji nyuki yeyote. Watie kwanza kwenye maji ya nyuzi 56 kwa sekunde 10 hadi 15 na uwapoze, la sivyo watafuma utando wasiguse udongo. Pindua kopo kila siku kwa siku tano za mwanzo, kagua kwa wiki tatu. Funza mweusi, mlaini, anayenuka ameuliwa na bakteria. Mwekundu mlegevu huenda ni minyoo ya udongoni. Mgumu kama kijiti, anayegeuka mweupe au kijani ukimwekea unyevu, huyo ndiye wako. Njia hii ilichapishwa na Zimmermann mwaka 1986 na bado ndiyo inayotumika duniani kote. Kwenye msitu wa Rungwe au hifadhi ya Kitulo usichimbe hata kijiko kimoja kabla ya kibali cha wenye eneo.

Thibitisha sasa kwamba inaua. Kwangua mbegu kwenye maji yenye Tween 80 (kimiminika cha kulainisha maji kama sabuni) asilimia 0.05, hesabu kwa kioo cha kuhesabia chembe chini ya hadubini. Kwenye mraba wa kati wenye visanduku 25, ukihesabu visanduku vitano ukapata 120, zidisha kwa 5 kisha kwa 10,000: milioni 6 kwa mililita. Kama ulikuwa umepunguza mara 100, mchanganyiko wa awali una milioni 600. Sehemu moja kwa maji sehemu tano hukupa milioni 100, dozi ya kuanzia. Kabla ya kumgusa mdudu, ona kama mbegu zinaota: zisambaze kwenye sahani, baada ya saa 24 hesabu 300, zilizotoa mzizi mrefu kuliko upana wa mbegu zifike asilimia 90. Zikiwa chini ya 80, jaribio zima litakudanganya. Tumia ruhuka 20 kwa kila kundi, makundi manne, na makundi mengine manne ya maji na Tween pekee. Rudia siku nyingine kwa mbegu mpya. Waliokufa bila kutibiwa wakizidi asilimia 20, anza upya. Wasipozidi, tumia hesabu ya Abbott, inayoondoa vifo visivyotokana na kuvu: waliotibiwa wamekufa asilimia 80, wasiotibiwa asilimia 10; toa 10 kwenye 80, gawanya kwa 90 (yaani 100 toa 10), jibu ni asilimia 78 hivi. Maiti zote zirudi kwenye sahani ya unyevu, maana anayehesabiwa ni yule tu aliyeota kuvu ile ile.

Tukija kwenye mafunzo, ushauri wangu hautawapendeza wote: usianze na Ulaya. Kukusanya, kutenga, kuhesabu na kujaribu hujifunzwa vizuri zaidi mahali ambapo wadudu ni wa kwetu na umeme unakatika kama kwetu. Icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, imefanya kazi hii kwa miongo mingi. Aina zake za Metarhizium, kama ICIPE 69 na ICIPE 78, zimekuwa bidhaa zinazouzwa kwa wakulima, na programu yake ya uzamivu iitwayo ARPPIS imekuwapo tangu 1983. Wiki nane hadi kumi na mbili za kukaa kwenye maabara ya kuvu zinatosha kumfanya mtu ajitegemee. Kwa shahada za juu, DAAD ya Ujerumani, TWAS (akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea) na Commonwealth hutoa ufadhili kwa Waafrika. Kwa wanawake OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, ina ufadhili wa uzamivu. Ruhusa ya mwajiri wako uishughulikie mapema, maana ndiyo inayokwamisha barua nyingi.

Ulaya iombe kwa jambo moja mahsusi: vinasaba. Kipande cha ITS, ambacho maabara nyingi hukipima kwanza, hakitofautishi spishi za Beauveria wala Metarhizium zinazofanana. Panahitajika kipande cha TEF, na kwa Beauveria kile kinachoitwa Bloc. Uchambuzi huo unahitaji mwalimu wa karibu. Omba pia wakufundishe kupima ukuaji kwenye nyuzi 15, 20, 25 na 30, milimita kwa siku. Na omba wiki mbili za mwisho ufanye kila kitu kwa vifaa utakavyovikuta nyumbani: sufuria ya presha, taa ya spiriti, hadubini ya kawaida. Anayefundishwa kwa mashine tu hurudi na cheti, kisha anakaa akisubiri mashine. Njia iliyo bora kuliko zote, kama wanakubali, ni mkufundi wao kuja Mbeya wiki mbili na kufundisha watu sita kwa nauli ile ile ya kukupeleka wewe mmoja.

Karatasi. Mtafiti mgeni anayefanya utafiti Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na mshirika wa ndani. Akija mwenyewe, kuna kibali cha ukaazi daraja C. Kibali kikitoka, barua hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa kabla ya kufika wilayani. Kutoa vimelea kwenda nje ya nchi ni suala la kuongea na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na nchi inayopokea nayo ina kibali chake cha kuingiza, ambacho mpokeaji ndiye anayekiomba. Tanzania imejiunga na Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014: idhini kwanza, makubaliano ya kugawana manufaa kwanza, sampuli baadaye. Mkataba wa makabidhiano ya sampuli husainiwa na taasisi, si wewe binafsi, kwa hiyo mshirikishe mwajiri tangu barua ya kwanza. Ndani yake mhakikishe yameandikwa haya: namba ya nyumbani inabaki kwenye kila lebo, chapisho na hifadhi ya vinasaba, kuvu haipelekwi kwa mtu wa tatu bila ridhaa ya maandishi, ikiwa bidhaa, mazungumzo yanafunguliwa upya, na waliokusanya na kutenga wanaingia kwenye orodha ya waandishi. Kipengele cha mafunzo kiwe na idadi ya watu, wiki na mwaka. Neno "baadaye" lisikubalike humo.

Kwa leo mjibu hivi, kwa lugha mnayowasiliana nayo: "Asante kwa kupendezwa na sampuli zetu. Kwa sasa tunazitenga na kuzisafisha hapa Tanzania, na kila moja itapewa namba ya nyumbani. Tungependa taasisi zetu zisaini mkataba wa makabidhiano, kisha tukuletee nakala za kuvu zilizothibitishwa. Kwa upande wetu tunahitaji mafunzo ya uchambuzi wa TEF na Bloc kwa mtu mmoja, na mkufundi wa kuja Mbeya. Tafadhali tujulishe nani ofisini kwenu hushughulikia mikataba ya Nagoya."

Vyuo vingi vya Ulaya vina mtu wa kazi hiyo, kwa kuwa sheria zao zinawadai kumbukumbu za kila sampuli ilikotoka. Akikuelekeza kwake ndani ya wiki mbili, mwandikie mkurugenzi wako barua ya kuomba kikao na Mbimba. Akikwepa na kuendelea kuomba bahasha tu, endelea na sahani zako, na nakala ya tatu itapata mshirika mwingine.